Upandikizaji wa ini: vipimo vya Kang vya mgando wa damu, na presha inayoporomoka klampu zinapoachiwa

Nusukaputi_Dodoma aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la saa moja kwa wanaosomea usingizi, mada ni kazi ya Dk. Yoo Goo Kang, daktari wa usingizi wa Pittsburgh, Marekani, aliyeifanya thromboelastografia (TEG), yaani kipimo kinachochora jinsi damu inavyoganda, kuwa dira ya kutia damu wakati wa kupandikiza ini. Huku kwetu tunapandikiza figo, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa tangu 2018, na wagonjwa wengi wa ini huelekezwa India. Hata hivyo fiziolojia ni ileile kwa kila mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) anayeletwa mezani akivuja damu, iwe ni mishipa ya umio, uzazi au ajali.

Naomba msaada kwenye mambo matatu:

1. Kang alifanya nini hasa, na viwango vyake vya kuanzia kutibu bado vinatumika?
2. Mgonjwa ana INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) 2.8 na chembe sahani 45,000 kabla ya kisu. Kuna vitabu vinavyosema ajazwe plazima kwanza. Ni sahihi?
3. Dakika chache kabla na baada ya kuachia klampu, daktari wa usingizi afanye nini, kwa mpangilio upi, kwa dozi zipi?

Wanafunzi hawa wanajua kuchoma dawa na kusoma gesi za damu, kwa hiyo nambari msinifiche.

---

Mgando_na_Plazima alijibu:

Mkuu, anza somo lako Denver, maana bila Denver kazi ya Kang haieleweki.

Tarehe 1 Machi 1963 daktari wa upasuaji Thomas Starzl alimpandikiza ini huko mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alifia mezani kwa kuvuja damu. Kwa waliofuata, timu ikajitahidi kusahihisha mgando kwa nguvu, na asidi ya epsiloni-aminokaproiki, dawa inayozuia bonge kuyeyuka, ikiwemo. Damu iliganda kweli, lakini iliganda pia ndani ya mirija iliyokuwa ikipitisha damu pembeni wakati vena kava, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, imebanwa, na mabonge yakasafiri hadi kwenye mapafu. Starzl mwenyewe ameliandika hili waziwazi. Wakasimama, wakarudi kwa binadamu mwaka 1967, ndipo wakapata mgonjwa wa kwanza aliyepita mwaka mmoja. Waonyeshe wanafunzi pande zote mbili: kutotibu kuliua, na kutibu bila kipimo kuliua pia.

Starzl alihamia Pittsburgh mwaka 1981. Mwaka 1983 mkutano wa makubaliano wa taasisi za afya za taifa za Marekani ukatamka kwamba upandikizaji wa ini ni tiba, si jaribio tena. Idadi ya upasuaji ikapanda, na tatizo la daktari wa usingizi likawa la muda. Majibu ya maabara ya kawaida yanachukua nusu saa au zaidi, na mgonjwa wa aina hii katika nusu saa anaweza kuwa amebadilisha sehemu kubwa ya damu yake yote. Jibu linapofika, linaeleza damu ambayo haimo tena mwilini.

TEG haikuwa mpya. Hellmut Hartert aliibuni Heidelberg mwaka 1948. Katika mashine ya zamani, kikombe chenye damu 0.36 ml kwenye digrii 37 kinayumba huku na huko kwa pembe isiyofika digrii 5, na ndani yake inaning'inia pini kwenye waya. Damu ikiwa majimaji, pini haisogei. Nyuzi za fibrini zikianza kushika, pini inaburutwa pamoja na kikombe, na mwendo wake ndio unaochora mchoro. Kwa hiyo kinachopimwa ni damu nzima: muda wa kuanza kuganda (R), kasi ya kujenga (pembe alfa), nguvu ya juu kabisa ya bonge (MA), na kama bonge linayeyuka baadaye.

Mwaka 1985 Kang na wenzake, Starzl akiwa miongoni mwao, walichapisha taarifa ya wagonjwa 66 waliopimwa hivi katika hatua zote. Mchango wake mkubwa ulikuwa kuliunganisha kila umbo la mchoro na tiba yake:

- R ikipita dakika 15: plazima uniti 2.
- MA chini ya mm 40: chembe sahani uniti 10.
- Pembe ikibaki chini ya digrii 40 baada ya hayo: krayopresipiteti (sehemu ya plazima yenye fibrinojeni nyingi, malighafi ya nyuzi za fibrini) uniti 6.

Kwa njia hii kiasi cha damu na maji kilichotiwa kilipungua kwa takriban thuluthi moja.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni vikombe vitatu. Damu ileile iliwekwa kwenye kikombe cha kwanza kama ilivyo, cha pili ikachanganywa na asidi ya epsiloni-aminokaproiki, cha tatu na protamini, inayozima heparini. Kikombe cha kwanza kikiyeyuka na cha pili kikashika, tatizo ni fibrinolisisi, yaani bonge kuyeyushwa, na dawa itafaa. Cha tatu kikiganda vizuri kuliko cha kwanza, kuna athari ya heparini, dawa inayozuia damu kuganda, ama iliyotoka kwa mtoaji, ama inayofanana nayo iliyotoka kwenye kuta za mishipa ya ini jipya lililoumia kwa baridi. Dawa ilijaribiwa kikombeni kabla haijaingia kwa mgonjwa. Mwaka 1987 wakaonyesha kwamba kwa wenye fibrinolisisi kali iliyothibitishwa hivyo, gramu 1 tu ya asidi hiyo, mara moja, ilitosha. Linganisha na yaliyotokea 1963.

Kuhusu viwango kutumika leo: usivinakili. R ya dakika 15 ni ya damu isiyoongezwa kichocheo. Mashine za sasa hutumia kaolini, na R ya kawaida ni kama dakika 5 hadi 10. Mwanafunzi akisubiri 15 kwenye kaolini, amechelewa sana. Na mwenye ROTEM, mashine nyingine ya jamii hii, anatazama vitu vingine: FIBTEM kwa fibrinojeni, na HEPTEM ikilinganishwa na INTEM kwa athari ya heparini. Kilichobaki cha Kang ni utaratibu wa kufikiri. Nambari ni za mashine yake.

---

Dk_Mshipa_wa_Pota alijibu:

Nachukua swali la pili. Jibu langu ni hapana, usimjaze plazima kwa sababu ya INR peke yake.

INR inapima upande mmoja wa mizani. Ini lililochoka limepunguza faktari II, V, VII na X, ndiyo maana INR imepanda. Lakini ini hilohilo limepunguza pia protini C, protini S na antithrombini, yaani breki za mgando, na INR haizioni kabisa. Faktari VIII na faktari ya von Willebrand, zinazotengenezwa kwenye kuta za mishipa, zimepanda, na zinafidia kiasi upungufu wa chembe sahani. Armando Tripodi na Pier Mannuccio Mannucci wa Milano wameonyesha kwamba uwezo wa kutengeneza thrombini kwa wenye sirosisi unaweza kuwa wa kawaida ukipimwa kwa njia inayozihusisha breki hizo. Mizani ipo, ila ni nyembamba: maambukizi, figo kufeli au upasuaji vinaweza kuiangusha upande wowote.

Sasa fikiria umempa plazima uniti 6. Umeongeza karibu lita moja na nusu kwenye mzunguko, presha ya mshipa wa pota, unaoleta damu ya matumbo kwenye ini, imepanda, na ile mishipa ya pembeni iliyotanuka, ambayo daktari wa upasuaji anakaribia kuikata, imejaa zaidi. Umeongeza uvujaji ili kurekebisha nambari. Juu ya hapo kuna hatari ya mapafu kujaa maji, na sitreti iliyomo, inayowekwa ili damu isigande kwenye mfuko, inakwenda kunasa kalsiamu.

Kundi la Luc Massicotte kule Montreal lilikwenda mbali zaidi: hawakusahihisha INR kabla, waliweka presha ya vena kuu chini, hata kwa kutoa damu ya mgonjwa mwanzoni na kuirudisha baadaye, na sehemu kubwa ya wagonjwa wao hawakuhitaji damu kabisa. Siwashauri wanafunzi waige yote. Presha ya vena ikiwa chini sana, jeraha la vena kava linavuta hewa, na figo ambazo tayari ziko pabaya zinanyimwa damu. Ila somo la kutojaza maji ovyo limesimama.

Utaratibu ninaouona unafaa kabla ya kisu: kama havuji, acha. Akianza kuvuja, joto liwe juu ya digrii 36, pH juu ya 7.2, kalsiamu huru juu ya 1.1 mmol/L, kwa sababu bila hivyo vitatu hakuna bidhaa ya damu itakayofanya kazi vizuri. Kisha fibrinojeni. Ikiwa chini ya 1.5 g/L na anavuja, mpe ya unga gramu 2 hadi 4, au krayopresipiteti kama uniti 10 kwa mtu mzima. Mara nyingi bonge linaimarika hapo bila chembe sahani. Chembe sahani zije baadaye, na plazima iwe ya mwisho, pale R inaporefuka huku anavuja au pale unaporudisha damu nyingi iliyopotea.

Asidi ya traneksamiki, nayo ya kuzuia bonge kuyeyuka, usimpe kila mtu. Mchoro wa fibrinolisisi bila uvujaji, hasa baada tu ya ini kufunguliwa, mara nyingi hujirekebisha ini likianza kazi. Ateri ya ini jipya ni nyembamba, imeshonwa dakika chache zilizopita, na ikiziba kwa bonge mgonjwa anaweza kurudi kwenye orodha ya kusubiri ini lingine.

---

Klampu_Sita alijibu:

Naongezea swali la tatu, ndilo linalowaangusha wengi.

Gawanya upasuaji mara tatu: kabla ya kutoa ini, kipindi bila ini, na baada ya ini jipya kufunguliwa. Vena kava ikibanwa kabisa, damu inayorudi moyoni inaweza kupungua karibu nusu. Ndiyo maana miaka ya 1980 Pittsburgh walitumia pampu ya kupitisha damu pembeni, na ndiyo maana njia ya kuacha vena kava ya mgonjwa mahali pake, iliyoelezwa na Andreas Tzakis mwaka 1989, inapendwa leo. Muulize daktari wa upasuaji mapema atabana vipi. Jibu lake linabadilisha mpango wako wote.

Katika kipindi bila ini, sitreti ya damu unayotia haina wa kuisaga. Kalsiamu huru inashuka na moyo unalegea. Timu ya Pittsburgh iliandika juu ya hili mwaka 1986. Asidi inapanda, joto linashuka, na potasiamu ya damu iliyokaa muda mrefu inalundikana. Vilevile kichochezi cha plasminojeni, ambacho ini hukiondoa, kinaongezeka, na mabonge yanaanza kuyeyuka.

Halafu klampu zinaachiwa. Kinachoingia moyoni ni damu baridi, yenye asidi, yenye vitu vya kutanua mishipa kutoka kwenye matumbo yaliyobanwa, pengine na hewa au vipande vya bonge. Ini likiwa limehifadhiwa kwa myeyuko wa UW, kumbuka una potasiamu kama 125 mmol/L. Myeyuko mwingine, HTK, una kama 10 tu. Soma chupa, uliza waliolileta ini.

Mwaka 1987 Aggarwal, Kang na wenzao waliipa hali hii fasili inayotumika mpaka leo: presha ya wastani kushuka zaidi ya asilimia 30, kwa angalau dakika moja, ndani ya dakika tano za kwanza.

Dakika 20 hadi 30 kabla:

Chukua gesi za damu. Potasiamu iwe chini ya 4.5, na ikiwezekana karibu na 4. Ikiwa juu, insulini ya kawaida uniti 10 pamoja na glukosi gramu 25, yaani 50 ml ya asilimia 50, na pima sukari kila dakika 15 hadi 30. Insulini inahitaji muda kufanya kazi, kwa hiyo kuichoma klampu ikiwa mkononi mwa daktari ni kujidanganya. Damu iliyobaki kutiwa ioshwe, au itafutwe ambayo haijakaa sana.

Kalsiamu ifikishe 1.2. Hapa kuna kosa linalojirudia: ampuli ya kloridi ya kalsiamu ya asilimia 10, 10 ml, ina 6.8 mmol, ya glukoneti ina kama 2.2. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuhesabu, umempa theluthi ya dozi. Wapo wanaosema glukoneti haifanyi kazi bila ini. Si kweli: kundi hilohilo la Pittsburgh lilionyesha mwaka 1990 kwamba ukilinganisha kiasi sawa cha kalsiamu, zote mbili huachia kalsiamu huru sawasawa hata kipindi ambacho ini halipo. Kloridi ipite kwenye mshipa mkubwa tu, inaunguza nyama ikivuja.

Bikaboneti iangalie kwa jicho la sodiamu. Ya asilimia 8.4 ina 1 mmol ya sodiamu kwa kila ml. Mgonjwa aliyeingia na sodiamu 122 ukimpa 200 ml pamoja na plazima na salaini, unaweza kuipandisha kwa saa chache kiasi cha kuharibu shina la ubongo. Lenga isipande zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24. Madhara huonekana siku kadhaa baadaye, mgonjwa anaposhindwa kusema na kumeza, na wakati huo hakuna wa kukumbuka chupa ya bikaboneti.

Dakika 5 kabla: oksijeni asilimia 100, punguza gesi ya usingizi bila kumwamsha, noradrenalini iwe tayari inakwenda. Adrenalini ampuli ya 1 mg iweke kwenye salaini 100 ml, upate mikrogramu 10 kwa ml, na uandike kwenye bomba la sindano kwa herufi kubwa. Kloridi ya kalsiamu gramu 1 iwe imeshavutwa. Daktari wa upasuaji asukume albumini au salaini kupitia mshipa wa pota, kisha aachie damu ya kwanza itoke nje kupitia ini, kabla ya kuunganisha na moyo. Wengi huachia 300 hadi 500 ml. Mkubaliane kwa sauti nani anahesabu.

Akifungua, macho yawe kwenye ECG na mchoro wa ateri, si kwenye karatasi. Wimbi T likichongoka na QRS ikitanuka, hiyo ni potasiamu: kalsiamu mara moja, kisha bikaboneti na insulini. Presha ikishuka huku mapigo yakipungua, adrenalini mikrogramu 10 hadi 20, rudia. Umbo la mawimbi likiwa zuri ila presha iko chini, mishipa imelegea: panda na noradrenalini, ongeza vasopresini uniti 0.01 hadi 0.04 kwa dakika. Presha ya vena kuu ikiruka juu wakati ya ateri inaporomoka, moyo wa kulia umeshindwa, na hapo eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kupitia umio ndiyo inayokuambia kama ni hewa, bonge au shinikizo la mapafu. Mwambie daktari abane tena mshipa wa pota kwa muda. Ni ombi halali, na lazima alisikie.

Bluu ya methilini, 1 hadi 2 mg/kg, hutumika presha ikikataa kabisa. Kwa ukanda wetu tahadhari ni kubwa: upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ni wa kawaida, na kwa mwenye nao dawa hii huvunja chembe nyekundu. Pia haichanganywi na dawa za msongo zinazopandisha serotonini. Hili lijulikane kliniki, siyo saa nane usiku mezani.

Gesi za damu tena dakika 5, 15, 30 na 60. Laktati ikianza kushuka, hitaji la kalsiamu likapungua na nyongo ikaonekana, ini linafanya kazi. Potasiamu nayo itashuka kwa sababu ini jipya linaivuta, na aliyekuwa anaogopa 6 anajikuta na 2.9. Punguza insulini mapema.

---

Nusukaputi_Dodoma alijibu:

Asanteni sana, hasa kwa ile ya R na kaolini, ningewapotosha watu. Nyongeza moja: walioshapandikizwa India wanarudi nyumbani na watakuja kwetu na ngiri, mawe, uzazi. Hawa tuwaandae vipi? Na kwenye kipindi cha upandikizaji, dawa ya kulegeza misuli ipi?

---

Mfamasia_Tanga alijibu:

La misuli ni fupi. Atrakuriamu na sisatrakuriamu huvunjika zenyewe kwa joto na pH ya damu, hazingoji ini. Rokuroniamu inarefuka, lakini inafaa ukiwa na kipimo cha mishipa ya fahamu, na kasi yake ya kuisha baada ya ini kufunguliwa inakupa fununu ya utendaji wa ini hilo.

Kwa aliyerudi nyumbani, ini likiwa zima, dawa za usingizi zinasagwa kama kwa mtu mwingine na dozi za kawaida zinafaa. Ganzi ya uti wa mgongo inaruhusiwa chembe sahani na INR vikiwa sawa. Hatari iko kwenye takrolimu, dawa anayomeza ili mwili usilikatae ini:

Asimeze kwa kuchelewa wala kuruka dozi kwa sababu ya kufunga kula. Ameze na maji kidogo asubuhi ya upasuaji. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, maana takrolimu tayari inabana mishipa ya figo na hizi zinamalizia. Parasetamoli inafaa, kwa kipimo. Pima kreatinini, potasiamu na magnesiamu. Kama yuko kwenye prednisoloni ya muda mrefu, fikiria haidrokotisoni 50 hadi 100 mg wakati wa kuanza, kulingana na ukubwa wa upasuaji.

Antibiotiki ndizo zinazoharibu kimyakimya. Erithromaisini na klarithromaisini zinapandisha takrolimu, flukonazoli pia, na ndani ya siku chache figo zinalalamika. Rifampisini inafanya kinyume: inaishusha kiasi kwamba mwili unaweza kuanza kulikataa ini. Hapa kwetu kifua kikuu ni cha kawaida, na vidonge vya mchanganyiko vina rifampisini ndani. Mgonjwa huyu asianzishwe dozi hizo kituoni bila kuwasiliana na waliompandikiza. Mara nyingi rifabutini hutumika badala yake, na kiwango cha takrolimu kinafuatiliwa kwa karibu.

Sampuli ya takrolimu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kabla ya dozi ya asubuhi, kwenye kichupa cha EDTA, kwa sababu dawa hukaa ndani ya chembe nyekundu na kipimo kinahitaji damu nzima. Ikichukuliwa saa mbili baada ya kumeza, nambari itakuwa kubwa, mtu atapunguza dozi, na ini litaumia bila sababu.